Mwanangu wa K

Alikuwapo mzee mmoja, mgane, aliyepasuliwa koo. Daktari akamkataza kusema mpaka kidonda kipone. Wanawe wawili, kaka na dada yake, wakataka kujua ataishi kwa nani. Zamani alikuwa karani, basi akaenda dukani kunakochapwa barua, akaandika mwenyewe kwenye kompyuta, akaleta bahasha, akaiweka mezani, akatoka nje.

Barua ilikuwa na kasoro. Maandishi yalipita ukingo wa karatasi, na kila mstari ukapoteza mwisho wa neno lake la mwisho. Mengi yalijazika bila taabu. Ila mstari wa chini ulisema, "Nitaishi kwa mwanangu wa k", kisha weupe mtupu. Na kwenye kompyuta barua haikuwa imehifadhiwa.

"Wa kike," alisema kaka. "Dada, tandika kitanda."

"Usinitanie. Ni wa kwanza, na wa kwanza ni wewe. Mimi nina vyumba viwili na mume mwenye makelele."

Mmesikia hapo? Mlidhani wanamgombea baba. Walikuwa wanasukumiana.

Kaka akaenda dukani, barua ikachapwa upya, neno likamaliziwa "kike". Dada naye akaenda, likamaliziwa "kwanza". Mwenye duka alibadilisha mwisho tu. Zikatoka barua mbili safi, hakuna herufi iliyokatika. Wajomba wakaitwa. Wakasoma hii, wakasoma ile, wakavua miwani, wakavaa tena.

"Kwani ninyi mna baba wangapi?" mmoja akauliza.

Wote walikuwa wamechanganyikiwa kweli. Hata wenyewe walianza kuamini walichokichapisha.

Na mzee, ndugu zangu, alikuwa wapi? Barazani, nje ya mlango uleule, anachambua maharage.

Palikuwa na binti mwingine, aliyeingia nyumba ile akiwa mdogo, siku mama yake alipoolewa na mzee. Huyo hakuitwa kikaoni. Alileta uji, akasikia mabishano, akachuchumaa na kalamu.

"Baba, hebu niandikie. Ulitaka kwa nani?"

"Weka kalamu," mzee akasema, sauti ikikwaruza. "Sauti ilirudi tangu Jumatano. Hakuna aliyeniuliza neno."

Akasukuma maharage kando.

"Niliandika, kwa mwanangu wa kufikia. Kama utanikubali."

"Uji unapoa, Baba. Kunywa, nikufungie nguo zako."

Sasa sisi. Je, hatufanani na wale wawili? Neno la Baba tunalisoma vizuri mpaka linapokaribia kutudai kitu. Hapo tunalimalizia wenyewe, na mwisho tunaouchagua daima unaangukia mlango wa jirani. Kisha tunachapisha safi, tunaitana vikao, tunashangaa mbona hatuelewani.

Baba hajafa. Yuko nje ya mlango huu tuliojifungia, na anasema. Nani kati yetu ametoka kumwuliza?