Kwa Nini Mpishi Huonja Mchuzi Kiganjani

Zamani hizo macho ndiyo yaliyokuwa mahakimu. Kitu kikiacha kuonekana, watu walisema kimekufa, wakakilia. Mpishi naye alipika kwa kutazama tu. Kukigusisha chakula ulimi kabla ya wakwe kula kulihesabiwa kuwa wizi.

Nyakati hizo Kalunde aliolewa nyumbani kwa mama mjane, jina lake Nyanzala. Chumvi ilitoka mbali, na nyumba nzima ilikuwa na bonge moja tu, la karamu ya kumpokea bibi harusi. Asubuhi ya karamu Kalunde aliliweka kwenye ukingo wa chungu cha maji, akaenda kuchanja kuni. Aliporudi, halikuwapo. Akachungulia chunguni: maji maangavu, chini kunaonekana. Akapapasa kwa mkono. Hakuna kitu.

"Mkazamwana, chumvi iko wapi?" Nyanzala akauliza.

"Niliiweka hapa, mama."

"Hapa wapi? Umeipeleka kwenu. Jua likizama, ifuate njia uliyojia."

Kalunde alianza kujishuku mwenyewe: labda aliiweka pengine, labda aliila bila kujijua. Akafuta machozi kwa mkono uleule uliolowa, tone likamwingia kinywani. Chumvi! Lakini machozi nayo si yana chumvi? Akachota maji kidogo kiganjani, akageuka asionekane, akaramba. Akaramba tena. Haionekani, na ipo.

"Mama, imo humu."

"Basi nionyeshe."

Akakiteleka chungu. Maji yalichemka, yakapungua, yakaisha, na chini ukabaki ukoko mweupe. Nyanzala akaugusa kwa kidole, akauonja: chumvi.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha majivu. Yalikuwa ya fimbo ya marehemu mumewe, iliyoteketea nyumba ya zamani ilipoungua.

"Na fimbo hii nirudishie, mwanangu."

Kalunde akayatia majivu majini, akachochea moto. Maji yakakauka, majivu yakabaki majivu. Akayaonja: uchungu wa magadi, hakuna ladha ya mti hata chembe.

"Mbona chumvi imerudi?" Nyanzala akauliza.

"Sijui, mama. Vyote viwili vilitoweka machoni petu."

Nyanzala akasema polepole, kama anayejiuliza, "Chumvi ilijificha tu. Hata majini ilikuwa chumvi. Fimbo... fimbo iligeuka kitu kingine."

Akayabeba majivu, akayamwaga kwenye shina la mgomba. Akarudi, akamshika Kalunde mkono. "Nisamehe. Twende tukapike, na wewe ndiye utakayeonja kwanza."

Na tangu siku hiyo hakuna mpishi anayepakua kabla hajadondosha mchuzi kiganjani na kuuramba. Mtazameni vizuri anapoonja: hukunja uso, macho yakaenda mbali, kama mtu asiyejua bado kama alichopoteza kimejificha au kimegeuka.