Pindo la Kanga ya Dada Mashavu

Chozi la dawa halifutwi. Ndivyo alivyosema mama yenu sasa hivi, alipokuwa akimnyoosha Nuru mkono uliovunjika, uliotolewa plasta juzi, na Nuru analia nyumba nzima inasikia, mpaka kakimbilia huku kwangu. Mnauliza maneno hayo kayatoa wapi. Kayatoa kwangu. Nimechoka leo, wajukuu zangu, msinikatize. Yalianza hivi.

Mwaka mmoja macho yangu yote mawili yalishikwa na ugonjwa kwa mpigo mmoja. Maji ya ndani ya jicho yalikosa njia ya kutokea, macho yakawa magumu kama kokwa, kichwa kikauma hadi nikatapika. Dada yangu Mashavu, aliyenilea tangu mama afariki, akanishika mkono mpaka hospitali ya macho.

Daktari Semboja alikuwa na wagonjwa tangu asubuhi, sauti imemkauka. Alitaka kunitoboa kitundu ndani ya jicho kwa mwanga wa leza, maji yapate njia. Lakini kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimevimba na kuingia ukungu, mwanga haupiti. Kwanza angetia matone ya gliserini ya macho. Inafyonza maji yaliyokivimbisha kioo, ukungu unakatika kwa dakika chache tu, naye anafanya kazi hapo hapo.

"Itachoma," akasema. "Vumilia, mama."

Ilichoma, jamani! Nikalia kama mtoto. Na kwetu mgonjwa akilia, aliyemsindikiza humfuta machozi. Akikaa tu, watu watasema hana utu. Daktari alipogeukia mashine, dada akalipitisha pindo la kanga yake ndani kabisa ya kope zangu. Daktari akachungulia, ukungu uko pale pale. Akatia tena. Dada akafuta tena.

Mara ya tatu daktari akaiona kanga imelowa.

"Mama, unamfuta?"

"Mdogo wangu analia, mwanangu. Nimwangalie tu?"

Daktari akakaa kitini. Hakufoka, hata nguvu ya kufoka hakuwa nayo. "Hayo unayofuta ndiyo dawa. Iliyobaki inatosha jicho moja, na nyingine mpaka iagizwe mjini. Macho haya hayatafika kesho."

Akaninyooshea vidole. Kwa jicho la kushoto niliviona kwa mbali. Kwa la kulia sikuona kitu.

"Basi la kushoto," akasema.

Matone yakaingia. Nikapiga kelele, "Dada, nifute! Dada!" Hakuja. Nikamchukia, wallahi. Kisha ukungu ukakatika, na cha kwanza nilichokiona ni yeye. Ameikalia mikono yake, ameliuma pindo la kanga kwa meno, machozi yanamtiririka. Daktari akawahi na leza yake.

Ni kwa jicho hili ninawaona. La kulia lilikufa. Sikumlaumu dada hata siku moja, lakini yeye hakujisamehe. Babu yenu alipofariki, nililia mkekani, naye akaja na kanga yake akasimama mbele yangu, anaogopa kunigusa.

"Nikufute," akaniuliza, "au na hili ni la dawa?"

Nikamwambia, "Hili nifute, dada yangu."

Haya, Nuru, rudi kwa mama yako akunyooshe mkono. Chozi la dawa halifutwi. Akimaliza, njoo kwangu nikufute.