Lango la Shamba la Mizabibu

Kila asubuhi Nives na wenzake walivuka mpaka kutoka kwao Italia kwenda kuunda saa kiwandani Uswisi. Njia yao ya mkato ilipita katika shamba la mizabibu la tajiri Galfetti, mpaka siku alipolifunga lango kwa kufuli.

"Zungukeni mlima," aliwafokea. "Hapa si barabara ya wageni."

Wakazunguka, wakachelewa, na msimamizi akatishia kuwafukuza kazi.

Siku ya kanivali, sherehe ya majira ya baridi, kijiji kizima cha Galfetti kikila wali uwanjani, Nives alionja mvinyo wa Galfetti.

"Mtamu, bwana. Ila kwetu wanasema zabibu zake unazinunua Italia."

Watu wakaangua kicheko. Galfetti akawaka.

"Waongo wakubwa! Asiyeamini na aje shambani ajionee kwa macho yake, siku yoyote!"

"Hata sisi wa ng'ambo?"

"Nyinyi ndio wa kwanza!" akasema, akamtupia ufunguo wa lango mbele ya kadamnasi.

Asubuhi iliyofuata Galfetti aliwakuta wamejipanga mstari, wakipita katikati ya mizabibu.

"Mnakwenda wapi?"

"Tumekuja kuziona zabibu, bwana," alisema Nives bila kusimama.

"Zabibu gani, na baridi hii?"

"Basi tutapita tena kesho."