Mwonja Chumvi na Kipini cha Fedha

Mmemsikia shangazi yenu akisema kidonda cha ulimi hakifungwi kitambaa, nanyi mwauliza kitambaa kimeingiaje hapo. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha wachemsha chumvi, asubuhi moja, mgeni alitokea katikati ya mvuke wa vyungu kana kwamba mvuke ndio uliomzaa. Alibeba vipini vya fedha na sindano moja, akitoboa ndimi za wasichana. Akimaliza mmoja, huifuta sindano kwenye pindo la kanzu, akamwita mwingine.

Kalunde alikuwa mwonjaji. Maji ya chumvi yakichemka, yeye ndiye aliyeweka tone ulimini na kusema, "Bado," au, "Ipueni." Kijiji kizima kiliungojea ulimi huo. Akatamani fedha imeremete kila atamkapo neno. Akatobolewa.

Siku ya pili ulimi ulivimba, ukajaa kinywa. Wachemsha chumvi waliamini hivi: chumvi ni dawa, basi chumvi nyingi ni dawa kubwa. Kalunde akachota maji mazito ya chunguni, akasukutua. Ulimi ukababuka. Homa ikamchukua, akajiona anaelea juu ya mvuke, mweupe, mwepesi, hana jina.

Bibi yake, Wande, mkunga wa kijiji, alimkuta akipumua kwa shida, kipini kimezama nyamani.

"Umezaliwa chumvini, hujui kipimo chake? Haya, panua kinywa. Si ulimpanulia mgeni?"

Akanawa mikono, akakichomoa kipini taratibu. "Uvimbe huu ungeziba koo, leo tungekuwa tunakulilia."

"Nifunge kitambaa, bibi," Kalunde alisema kwa taabu. "Nitaonja tena?"

"Nikufunge wapi, mjukuu wangu? Kitambaa cha ulimi ni wewe mwenyewe. Sukutua kwa maji vuguvugu, chumvi kidogo tu. Pilipili acha. Kibuyu cha mwenzio usinywee, vidole usitie. Na usiseme neno mpaka mwezi uandame. Niahidi."

Kalunde akatikisa kichwa kukubali.

Siku zikapita kama ndoto, kimya, nyeupe. Maumivu yakaisha, ladha ikaanza kurudi kidogo kidogo. Zikiwa zimebaki siku nne mwezi uandame, mtoto wa kwanza wa kaka yake Mihambo alitolewa nje apewe jina. Kwao, shangazi mkubwa ndiye hulitamka jina mara ya kwanza, na mtoto huhesabiwa wa yule aliyelitamka, maisha yote. Kalunde aliingoja siku hiyo tangu mimba haijaonekana.

Mihambo akamwekea mtoto mikononi, akamwinamia. "Dada, neno moja tu. Bibi yuko kisimani, hasikii."

Jina lilikuwa limeshafika menoni. Mtoto alimtazama. Kalunde akaliweka shavu lake juu ya kichwa kile chenye joto, kisha akamkabidhi mtoto kwa mdogo wake wa kike.

Mdogo wake akaliita jina. Watu wakapiga vigelegele. Kalunde akapiga makofi pamoja nao, machozi yakimtiririka, midomo ameifumba.

Kidonda cha ulimi hakifungwi kitambaa.