Chura wa Bwana Hilali

Zama za Sultani Mundhiri, aliyeutawala mji wa Sambarani kwa uadilifu, palikuwa na tajiri wa uturi, jina lake Hilali, na mkewe Bi Raihani. Na Hilali alikuwa na chura, amemwekea chungu kipana chenye udongo mbichi na kisahani cha maji ya mvua, na kila alasiri humwendea na mnyoo, akautikisa mbele yake, kwani chura hali kitu kisichojongea.

Bi Raihani hutazama mlangoni, moyo ukimwaka. Hakuwa na mke mwenza, lakini chura yule alimtia wivu kuliko wake wenza watatu.

"Bwana wangu, una nini na kiumbe huyu?"

"Niwie radhi, mke wangu. Usiniulize."

Ikawa Sultani akamtuma Hilali safari ya siku kumi, naye akamwusia mkewe: "Mnyoo kila siku, na udongo usikauke." Bi Raihani akaitika, na mumewe alipokwisha kuondoka akakianika chungu juani, akamtupia chura ukoko wa wali.

Siku ya tatu akaenda kutazama kama amekufa. Chura alikuwa amesinyaa kama gome, akafumbua macho, akanena:

"Ewe Bibi, mimi ni jini niliyefungwa katika ngozi hii miaka saba. Ulipougua homa, hata sanda yako ikakatwa, mumeo alinijia akilia. Nikakuponya, kwa sharti anilee hata kifungo changu kiishe, wala asimwambie mtu."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Hukuniuliza hata siku moja."

Raihani akalia sana. Kisha akajifunga leso kiunoni, akachimba bustani kwa mikono yake, akaulowesha udongo, akamlisha chura minyoo vidoleni.

Hilali aliporejea alimkuta mkewe ana matope hata viwikoni, anazungumza na chura. Akatoa mnyoo wake. Chura akageuza uso, akangojea mkono wa Raihani.

"Kwani si mimi niliyemlea miaka yote?" akasema Hilali, uso umemkunjika.

"Basi sasa umejua nilivyokuwa nikiungua, bwana wangu."

Muda ulipotimia jini akatoka katika ngozi ile, akawajazia nyumba lulu na marijani, akaenda zake, nao wakaishi kwa mapenzi mpaka uzeeni.

Nawe usikiaye, ukimwonea wivu anayependwa na mpenzi wako, muulize kwanza aliwatendea nini.