Swichi ya Bondeni

Hapo zamani za kale, kale ya juzijuzi, maana simu zilikuwepo, Ndovu alijenga mnara wa mtandao kilimani. Akawawashia wakubwa wenzake, lakini swichi ya bondeni, iliyokuwa sebuleni kwake, akaizima. Wanyama wadogo wa huko wakabaki kuzitumia simu zao kama vioo vya kujitazamia.

"Nikiwawashia, mtaumaliza!" alisema Ndovu. Mchoyo yule!

Siku moja mtoto wa Bi Digidigi alishikwa na kuhara, hata macho yakaingia ndani. Daktari Korongo alikuwa ng'ambo ya mto, nao umefurika, hakuna wa kuvuka kumwita.

"Mwanangu ananifia!" akalia Bi Digidigi.

"Jikaze, dada," akasema jirani yake Pimbi, mfupi wa kupitwa na nyasi. "Mtandao ukija tu, mpigie daktari. Nanyi Panya, mtandao ukija, msifuni Ndovu kwa zamu. Msinyamaze!"

Akatimka mpaka kilimani, puru puru puru!

"Hodi, mzee! Nasikia umejirekodi ukicheza ngoma. Nani wamekusifu?"

Ndovu akanuna. "Twiga kasema 'sawa'."

"Basi?"

"Na Kifaru. Kauliza, 'Mti gani huo unaoyumba?'"

"Lo! Aibu iliyoje! Na bondeni wamejaa wenye midomo ya kusifu. Washa kidogo tu wakuone, kisha zima."

Ndovu akapunga masikio, akawaza. Akanyoosha mkonga. Kacha!

Ting! "Kiuno hicho, mzee!" Ting! "Ardhi imetetemeka!" Ting! Ting!

Bondeni, uso wa Korongo ukatokea kwenye simu. "Mmempa nini?"

"Tumemnyima maji, daktari, asizidi kuhara."

"La hasha! Maji ndiyo yanayomwishia mwilini! Mpeni maji safi yenye chumvi kidogo na sukari. Kidogo kidogo, nami nikiona."

Jua lilipopoa, mtoto akafumbua macho. "Mama, njaa."

Bi Digidigi akacheka huku analia. Bonde zima likashusha pumzi. Nami nikisimulia hapa hushusha yangu.

Kilimani, Ndovu akanyoosha mkonga azime. Ting! "Mzee, rudia pale ulipogeuka!"

"Ah, nitazima baadaye," akasema, akaanza kucheza tena.

Mpaka leo hajazima, na mtandao haujaisha.

Basi wanangu, shikeni hili: mtandao ukiwafikia wakubwa peke yao, haujafika.