Sinia za Ijumaa na Tumbaku ya Embe

Hapo zamani, katika mji ambao mchwa wamekula vitabu vyake na jina lake, palikuwa na mshona makuti aitwaye Faki, fukara asiye na kitu ila mikono yake na mjukuu wa kike, Subira.

Mji huo ulikuwa na tajiri wa tumbaku, jina lake Badrani. Tumbaku yake aliiloweka katika maji ya embe na ya waridi, akaitia katika viko vidogo vya rangi, vyembamba kama kidole cha mtoto. Basi ikawa watoto wa chuoni wanavuta wakienda na wanavuta wakirudi, na Subira, mwenye miaka tisa, anakohoa hata hawezi kumaliza kusoma sura moja ya Kurani.

Faki akaenda barazani. "Ewe Sultani wetu, mji mzima unaomba tumbaku hii itolewe utamu, maana inatumalizia watoto."

Badrani, aliyekaa karibu na mto wa kuegemea wa Sultani, akacheka. "Mji mzima! Mji mzima umekosa mjumbe ila wewe na kanzu yako ya matundu? Utamu huu ni wa wazee, mzee mwenzangu. Unalainisha koo."

Sultani, ambaye marashi yake yalitoka kwa Badrani bure, akasema, "Haya. Ijumaa nione hapa lalamiko la kila nyumba. Lakini asitoke mtu nyumbani kwake kulileta, wala asiandike, wala asitume neno. Ukishindwa, Badrani atauza hata mlangoni pa chuo."

"Nimesikia, bwana wangu, na nimetii," akasema Faki, na baraza zima likamzomea.

Ilikuwa desturi ya mji ule kila Ijumaa matarishi wa jumba kupita mlango kwa mlango, wakikusanya sinia za chakula ambacho kila nyumba humpikia Sultani, zilizofunikwa kawa. Basi juma lile Faki alipanda paa hili na paa lile kuziba makuti, na kila alikopanda alinong'ona na wenye nyumba.

Ijumaa ikafika. Sultani, mwenye njaa, akafunua kawa la kwanza: kiko kidogo chekundu, kinanukia embe. La pili: kiko cha kijani. La tatu, la kumi, hivyo hivyo, wala hapakuwa na punje ya wali.

"Nani amenifanyia dhihaka hii?"

"Ndilo lalamiko, bwana wangu," akasema Faki. "Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeandika, hakuna aliyetuma neno. Sinia zimeletwa na watu wako mwenyewe. Kila nyumba imekupa ilichokikuta chini ya mto wa mtoto wake."

Sultani akafunua sinia ya ukingo wa fedha, akaijua kuwa ni ya dada yake. Ndani mlikuwa na viko vitatu, kimoja kina alama za meno ya utotoni. Akamgeukia tajiri.

"Badrani, ulisema ni vya wazee."

"Ni vya wazee, naapa!"

"Basi hapana ugomvi," akasema Faki kwa upole. "Wazee wetu wamevuta tumbaku kali tangu ujana wao. Toa utamu, tajiri, hutapoteza mteja hata mmoja."

Badrani akaruka. "Nitoe utamu? Kitu kichungu namna ile! Nani mwenye akili atakianza?"

Akasikia alichosema, lakini baraza lilikwisha kusikia kabla yake. Bawabu alicheka kwanza, kisha mawaziri, kisha Sultani mwenyewe, tena akimtazama Badrani kama mtu atazamaye kitu kilichonasa kwenye kiatu chake.

Ikaamriwa tumbaku ya ladha isiuzwe tena mjini. Na Badrani aoshe sinia zote, azirudishe kwa miguu yake, na katika kila mlango ayakariri yale maneno yake kwa sauti.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Faki. Subira akafungua, akamsikiliza tajiri mpaka mwisho, akakohoa kidogo, akapokea sinia, akafunga mlango.